Kabla ya Kuulaumu Mwani, Itazame Mimea

Hii ni hotuba iliyotolewa mbele ya wafugaji wa samaki wa mapambo na wapenzi wa mimea ya majini waliokutana Dodoma. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Mbukwenyi! Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo? Wageni wetu wa Singida, Manyoni, Kondoa na Mpwapwa, karibuni sana, na poleni na safari.

Kuna swali ambalo wafugaji wa samaki huulizana kila wanapokutana: dawa ya mwani, ule ukijani unaotanda kwenye tangi la samaki, ni ipi? Ndugu zangu, swali hilo limeua mimea na samaki wengi kuliko mwani wenyewe. Mtu akiona kioo kimegeuka kijani anakwenda duka la pembejeo, ananunua mrututu, anachota kijiko, anamwaga. Mkulima wa zabibu hapa Dodoma anaujua mrututu: ni salfeti ya shaba, anaupulizia kwenye mizabibu kuzuia ukungu, na shambani unafanya kazi yake vizuri. Ndani ya tangi, shaba huua konokono na kamba wadogo hata ikiwa kidogo sana, huwaumiza samaki kwenye matamvua, huunguza mimea yenye majani laini, na sehemu yake hubaki imeng'ang'ania kwenye changarawe kwa muda mrefu. Na mwani? Mwani unakufa, kweli. Halafu unaoza mle mle, unatoa amonia, na baada ya wiki chache mwani mwingine unaota ukiwa umeandaliwa chakula. Mwenye tangi amepata nini?

Leo naomba tubadilishe swali. Ukiona mwani, jiulize: mimea yangu inakosa nini?

Sababu ni hii. Mbegu za mwani zimo kwenye maji ya bomba, kwenye vumbi, kwenye majani ya mmea uliopewa na jirani, kwenye vidole vyako. Tangi safi kuliko yote unayoyajua lina mwani. Hakuna anayeweza kuumaliza, na anayejaribu kuumaliza anapoteza fedha. Tofauti ya tangi linalopendeza na tangi lililozibwa na utando wa kijani iko kwenye hali ya mimea. Jani lenye afya hutumia sukari linayotengeneza, hufyonza amonia iliyo majini, na hukua upesi kuliko mwani unavyoweza kulifunika. Jani dhaifu huvuja. Huvuja sukari, huvuja mabaki ya seli zinazokufa, na mwani hukaa hapo hapo. Mkirudi nyumbani, tazameni kwa karibu jani lenye mwani la anubiasi, ule mmea wa majini wenye majani magumu. Mwani umeanzia wapi? Utaukuta kwenye ukingo wa jani la zamani, pale palipokwisha kuwa na rangi ya njano, wakati jani jipya lililo katikati ya mmea ni safi. Maji ni yale yale, taa ni ile ile, mmea ni ule ule.

Sasa twende kwenye imani iliyoenea kuliko zote: kwamba mbolea ndiyo inayoleta mwani, hasa fosfeti, yaani fosforasi iliyo kwenye mbolea. Wangapi hapa wameambiwa wasiweke fosfeti kwenye tangi? Naona mikono mingi.

Imani hii ina asili yake, na asili yake ni ya heshima. Mwaka 1973, huko Ontario, Kanada, mtafiti David Schindler na wenzake walichukua ziwa dogo linalojulikana kwa namba tu, Ziwa 226, wakaligawa mara mbili kwa pazia la plastiki. Upande mmoja waliweka kaboni na naitrojeni. Upande wa pili waliweka kaboni, naitrojeni na fosforasi. Picha zilizopigwa kutoka angani zilionyesha upande wenye fosforasi umegeuka kijani kibichi, na ule mwingine umebaki na maji yake ya giza. Picha hizo zilisaidia kubadilisha sheria za sabuni na majitaka katika nchi nyingi. Na somo lake ni la kweli hata kwetu: Ziwa Viktoria limeumia kwa namna hiyo, kwa fosforasi na naitrojeni za mashambani na mijini zinazoingia ziwani.

Lakini ziwa lile halikuwa bustani. Kilichokua mle ni mwani unaoelea kwenye maji ya wazi, mbali na kivuli cha mimea. Tangi lako lina mimea kutoka ukuta hadi ukuta, na linapata fosfeti kila siku kupitia chakula cha samaki. Katika miaka ya 1990, Paul Sears na Kevin Conlin waliwashauri wafugaji wa mimea ya majini waweke mbolea zote isipokuwa fosfeti, ili mwani ufe njaa. Ushauri ukaenea dunia nzima. Kisha Tom Barr, Mmarekani, akaweka fosfeti kwa makusudi kwenye matangi yenye mimea mingi na kaboni ya kutosha, yaani gesi ya kaboni dayoksaidi inayopuliziwa majini, na mwani aliokuwa ameahidiwa haukutokea. Mimea ilikua zaidi. Kutokana na hayo aliandaa utaratibu wa kuweka virutubishi vyote kwa ziada kidogo na kubadilisha nusu ya maji kila wiki, na watu wengi wanautumia hadi leo.

Kwa nini njaa haiui mwani? Kwa sababu mwani ni seli chache. Kiasi cha fosfeti kinachoutosha ni kidogo mno hata kipimo chako cha matone hakikioni. Ukiipunguza fosfeti, anayeanza kufa njaa ni mmea mkubwa. Majani yanadumaa, yanavuja, na mwani unapata pa kukaa. Kuna aina ya mwani, yale madoa magumu ya kijani yanayong'ang'ania kwenye kioo na kwenye majani ya anubiasi, ambayo mara nyingi hutokea pale fosfeti ilipokwisha na taa ni kali. Dawa yake ni kuongeza fosfeti. Ndiyo, kuongeza.

Nitoe vipimo, andikeni. Mbolea mnazozihitaji zinauzwa kwa ajili ya umwagiliaji wa matone. Ya kwanza ni naitreti ya potasiamu, mfuko wake umeandikwa 13-0-46. Ya pili ni fosfeti ya potasiamu, imeandikwa 0-52-34. Pima gramu 100 za ile ya kwanza, yeyusha kwenye maji mpaka chupa ifike lita 1. Pima gramu 10 za ile ya pili, nazo zifikishe lita 1 kwenye chupa nyingine. Mililita 10 za chupa ya kwanza kwenye tangi la lita 100 zinapandisha naitreti kwa miligramu 6 hivi kwa lita. Mililita 10 za chupa ya pili zinapandisha fosfeti kwa miligramu 0.7 kwa lita. Tangi lisilo na kaboni ya kuongezwa, lenye samaki wachache, linatosheka na kipimo hicho mara moja kwa wiki, baada ya kubadilisha maji. Tangi lenye samaki wengi huenda lisihitaji hata hicho. Pima naitreti kwanza, na ikiwa iko kati ya miligramu 10 na 20, usiongeze.

Hapa nasisitiza, na nitarudia: siyo kila mbolea ya dukani inaingia kwenye tangi. Yurea, hapana. DAP, hapana. CAN, hapana. Ile NPK ya 17-17-17, hapana. Zote hizo zina amonia au yurea inayogeuka amonia, na kwa maji yetu yenye pH ya juu amonia huwa sumu kali kwa samaki. Soma namba kwenye mfuko kabla ya kulipa. Na wenye visima vilivyo karibu na vyoo vya shimo, pimeni maji yenu kabla ya kuongeza chochote, maana visima vya namna hiyo vinaweza kuja na naitreti nyingi tayari.

Kama mbolea siyo mkosaji mkuu, mkosaji ni nani? Mwanga. Nikipewa dakika moja tu ya kusema nanyi, ningesema mwanga na kukaa.

Wafugaji wa Ugogo wataniwahi hapa. Ukiongeza mifugo kwenye malisho yale yale, hujaongeza maziwa, umeongeza njaa. Taa ndiyo idadi ya mifugo. Kaboni na mbolea ndiyo malisho. Taa kali inauamuru mmea ukue haraka, na mmea ukikosa kaboni ya kukulia unaanza kujila wenyewe. Mwani hauna shida hiyo, mahitaji yake ni madogo.

Jua la saa sita mchana hapa Dodoma, anga likiwa wazi, hutoa lux 100,000 hivi, lux ikiwa ni kipimo cha mwanga. Tangi la mimea ya kawaida, lisilo na kaboni ya kuongezwa, linahitaji kama lux 2,000 tu pale chini kwenye changarawe. Sehemu moja ya hamsini! Sasa mtu ana taa ya LED inayotosha, na tangi lake liko mita moja kutoka dirishani. Je, anajua tangi linapata mwanga kiasi gani?

Natoa kisa ambacho wengi wenu mtakitambua. Tangi la lita 120 liko sebuleni, karibu na dirisha la upande wa kaskazini. Limewekwa Novemba. Desemba safi, Januari safi, Februari safi. Mwezi wa tano utando wa kijani unaanza kwenye kioo, mwezi wa sita nyuzi zimefunika mimea yote. Mwenye tangi anaapa kwamba hajabadilisha kitu, na anasema kweli. Tangu mwani uanze amebadilisha chakula cha samaki mara tatu, amelaumu maji ya bomba, amelaumu taa. Kilichobadilika ni jua. Dodoma tuko nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Tangu mwanzoni mwa Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi jua la mchana liko upande wetu wa kusini; baada ya hapo linahamia kaskazini, na mwezi wa Juni linachomoza na kuzama likiwa limeegemea kaskazini sana, kwa hiyo dirisha la kaskazini linapigwa na miale ya pembeni asubuhi na jioni. Saa nne za jua la dirishani zikijumlishwa na saa nane za taa, tangi lile lilikuwa linapata mwanga wa saa kumi na mbili. Pazia zito la elfu chache lingetosha.

Msinielewe vibaya. Wapo wanaosema mwanga wa jua huleta mwani na mwanga wa taa ni salama. Siyo hivyo. Mwani haubagui chanzo. Ubaya wa jua la dirishani ni kwamba ni kali na huna swichi yake. Wapo pia wanaosema taa iliyochakaa hubadilika rangi na kuleta mwani. Taa iliyochakaa hupungua nguvu, na hilo peke yake haliwezi kuuongeza mwani. Tafuta sababu nyingine.

Kwa hiyo tangi jipya lianze na saa 6 za taa kwa siku, mfululizo, kwa wakati ule ule kila siku. Mimea ikishika mizizi, baada ya wiki sita hivi, unaweza kwenda saa 7 au 8. Zaidi ya 8 hakuna faida kwa tangi la nyumbani. Taa ikiwa kali na haina kipunguzio, inyanyue sentimita 10 hadi 20 juu zaidi, au weka mimea inayoelea ifunike theluthi moja ya uso wa maji. Ila usitumie gugu maji wala kulipeleka nyumbani, hata kama ua lake linakuvutia. Tumeona lilichofanya Ziwa Viktoria.

Tumieni taima, na chagueni taima vizuri. Zile za kuzungusha kwa mkono husimama umeme ukikatika. Umeme ukikosekana saa tatu, saa yake inachelewa saa tatu; ukikatika mara nne kwa mwezi, taa yako inawaka hadi usiku wa manane na wewe umelala. Nunueni ya kidijitali yenye betri ndani. Ni kitu kidogo, lakini kimeharibu matangi mengi mazuri.

Tuje kwenye kaboni. Hapa ndipo penye siri ya ule mwani mweusi wenye vinyweleo, unaoota kama brashi kwenye kingo za majani na kwenye mbao. Mwani huo ni wa jamii ya mwani mwekundu. Ukitaka kuhakikisha, kata jani moja, litumbukize kwenye spiriti, na utaona weusi unageuka wekundu.

Maji yaliyokaa wazi hewani yana kaboni dayoksaidi kama nusu miligramu kwa lita. Tangi linalopuliziwa kaboni huwa na miligramu 20 hadi 30. Tofauti ni kubwa, na mmea huizoea hali uliyo nayo: hupanga vimeng'enya vyake kulingana na kaboni inayopatikana. Ukiipandisha leo na kuishusha kesho, mmea unalazimika kujipanga upya kila mara, majani yanadhoofika, na mwani mweusi unaingia.

Kisa chake ni chupa ya hamira. Wengi hapa hawawezi kununua mtungi wa kaboni na regyuleta, kwa hiyo wanatengeneza: chupa ya plastiki ya lita 2, maji vuguvugu lita 1.5, sukari gramu 200, hamira robo kijiko cha chai, kizibo kilichotobolewa na kuzibwa vizuri kwa gundi, mpira wa dripu, chupa ndogo ya pili ya kunasa povu, na vali ya kuzuia maji yasirudi. Mapovu yanaingizwa chini ya mdomo wa filta ili yasagwe. Wiki ya kwanza mimea inatoa vipovu vya oksijeni na mwenye tangi anafurahi, anaongeza taa. Siku ya kumi hamira inachoka. Oktoba, joto likiwa kali, inachoka hata mapema zaidi. Taa imebaki pale pale. Anatengeneza chupa nyingine siku ya kumi na tano. Kwa hiyo kaboni ilipanda, ikashuka, ikapanda. Wiki ya nne brashi nyeusi ziko kila mahali, na lawama zinaenda kwenye mmea mpya ulioletwa juzi.

Rekebisho lake ni kuwa na chupa mbili kwenye mpira mmoja wenye njia panda, na kubadilisha moja kila wiki, ili moja ikichoka nyingine iko kwenye nguvu. Usiifunge usiku, hamira haizimwi, na chupa iliyozibwa hupasuka. Weka kichupa cha kupimia kaboni chenye maji ya KH 4, yaani kipimo cha baikaboneti iliyo majini: kikiwa bluu, kaboni ni ndogo, kikiwa kijani, uko karibu na miligramu 30, kikiwa njano, samaki wataanza kuhema juu ya maji, fungua pampu ya hewa mara moja. Na maji yazunguke. Filta inayosukuma lita 500 hadi 1,000 kwa saa inafaa tangi la lita 100 lenye kaboni. Majani ya kila pembe yawe yanacheza kidogo. Jani lisilotikisika halifikiwi.

Na kama huwezi kuishika kaboni isiyumbe? Basi acha kabisa, na upunguze taa. Tangi lisilo na kaboni ya kuongezwa ni tangi kamili, wala halina aibu yoyote. Sisi wa kanda ya kati tuna bahati moja hapa. Maji mengi ya visima vyetu ni magumu. Ukoko mweupe kwenye birika zenu unaonyesha. Ipo mimea inayoweza kuchota kaboni kutoka kwenye baikaboneti ya maji magumu: valisneria, seratofilamu, egeria. Valisneria na seratofilamu ni wenyeji wa maziwa yetu ya Tanzania. Zitakua ambako mimea mingine ya gharama inasinyaa.

Nipite haraka kwenye uchafu, maana hili mnalijua ingawa hamlifanyi. Lisha kiasi kinachoisha ndani ya dakika 2. Toa majani yaliyooza. Badilisha asilimia 30 hadi 50 ya maji kila wiki. Maji ya bomba yakae kwenye ndoo wazi saa 24 ili klorini itoke. Sponji ya filta isafishwe kwenye ndoo ya maji ya tangi, kamwe siyo chini ya bomba, kwa sababu klorini huua bakteria wanaogeuza amonia. Amonia ikipanda na taa ikiwa inawaka, ndipo maji yote yanapogeuka kijani kama mchuzi wa mlenda.

Lakini kwenye filta kuna jambo moja ambalo halisemwi vya kutosha. Umeme ukikatika saa nyingi, bakteria walio ndani ya filta iliyofungwa wanakosa oksijeni, wanaanza kufa, na maji mle ndani yanaoza. Umeme unarudi saa tisa usiku, filta inawaka yenyewe, na uozo wote unasukumwa kwenye tangi. Asubuhi samaki wanahema, na wiki moja baadaye mwani umetanda. Ukatikaji ukizidi saa nne hivi, chomoa filta ukutani. Umeme ukirudi, ifungue, mwaga maji yaliyomo, suuza sponji kwa maji ya tangi, ndipo uwashe.

Kabla sijaja kwenye samaki na viumbe wengine wanaokula mwani, niseme neno kuhusu aina mbili zinazowatisha watu bure au kuwapotosha. Vumbi la kahawia kwenye kioo cha tangi jipya, linalofutika kwa kidole, ni dayatomu. Huja wiki za mwanzo na kuondoka zenyewe tangi likikomaa. Futa, subiri, usinunue kitu. Ile ngozi ya kijani-bluu inayoteleza, inayobanduka kama shuka na yenye harufu ya udongo mbichi, siyo mwani kabisa. Ni bakteria, sayanobakteria. Ni ukoo mmoja na spirulina wanaowalisha heroe wadogo wa Ziwa Natron. Kwa kuwa ni bakteria, samaki na konokono wengi hawaigusi. Huja pale naitreti ilipofika sifuri na maji yamesimama. Inyonye kwa mpira, funika tangi kwa blanketi siku 3 hadi 4 bila taa wala chakula huku pampu ya hewa ikifanya kazi, badilisha nusu ya maji, kisha rudisha naitreti na uongeze mzunguko.

Sasa, viumbe wanaokula mwani. Takashi Amano, mpiga picha wa Japani aliyefariki mwaka 2015, ndiye aliyewafundisha watu kutumia kamba wadogo wanaoitwa leo kamba wa Amano (Caridina multidentata) kusafisha bustani za majini. Watu walichukua kamba wakaacha mengine yote. Walisahau kwamba aliwaweka wengi kwa pamoja, kwenye matangi yaliyojaa mimea tangu siku ya kwanza, yenye kaboni, na maji yake yakibadilishwa mara kwa mara. Kamba walikuwa wanamalizia kazi. Kumnunua samaki mmoja wa kunyonya vioo, yule wa madoa, ukamtia kwenye tangi la lita 60, hakutatui kitu: anakua mpaka anapita sentimita 30, anakula chakula cha wenzake, na kinyesi chake kinaongeza amonia. Na samaki wa Ziwa Tanganyika wanaokwangua mwani kwenye mawe, wale tropheus, ni wazuri mno kuwatazama, lakini hawana subira na bustani.

Konokono wanasaidia, na hapa nawaomba mnisikilize kwa makini. Msiokote konokono bwawani Hombolo, wala kwenye majaruba, wala kwenye mfereji wowote. Konokono wa maji baridi ndio wanaobeba vimelea vya kichocho, na tangi utalitia mikono kila wiki. Mimea uliyoichuma porini, vaa glavu, ondoa konokono wote na mayai yao unayoyaona, kisha majani magumu kama ya anubiasi yatumbukize kwenye mchanganyiko wa jiki sehemu moja na maji sehemu 19 kwa dakika 2, yasuuze mara kadhaa. Usifanye hivyo kwa valisneria wala kwa mosi, ile mimea midogo laini kama zulia, zitayeyuka. Hizo zitafutieni kwa mwenzenu mwenye tangi safi. Na mimea mnayopunguza isitupwe mitaroni, ikaushwe juani.

Mwenye tangi lililokwisha kuharibika afanye nini leo jioni? Kwanza mikono. Kwangua kioo kwa wembe, zungushia nyuzi kwenye mswaki wa zamani, kata kila jani ambalo nusu yake imefunikwa. Usilionee huruma, halitapona. Badilisha nusu ya maji. Shusha taa hadi saa 6. Jaza mimea inayokua haraka, ifunike walau asilimia 70 ya sakafu, hata ikiwa ni seratofilamu ya bei rahisi; utaipunguza baadaye. Brashi nyeusi zilizobaki kwenye mbao zipulizie kwa sirinji haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, filta ikiwa imezimwa, jumla isizidi mililita 40 kwa lita 100 za maji. Acha dakika 15, washa filta, badilisha maji kidogo. Zitageuka waridi baada ya siku mbili, kisha nyeupe, na konokono watazila. Kama una kamba au mosi, nusu ya kipimo hicho, na mbali nao.

Halafu usibadilishe kitu kingine kwa wiki tatu. Wiki tatu! Anayebadilisha taa Jumatatu, mbolea Jumatano na chakula Ijumaa hawezi kujua kipi kilichosaidia. Kila Jumapili tazama majani mapya kwanza: ukubwa wake, rangi yake, kama yametoka safi. Majani ya zamani yakipata matundu madogo yenye ukingo wa njano, potasiamu haitoshi. Majani mapya yakitoka meupe na mishipa ya kijani, madini ya chuma hayatoshi. Yakitoka mazima, endelea hivyo hivyo.

Waliokuja na maji ya matangi yao kwenye chupa, vifaa vya kupimia viko meza ya nyuma. Anzeni na naitreti, halafu KH, na kila mmoja aandike namba zake kabla hatujaanza maswali.